Wasindikizaji wa Stesheni Yetu

Waliokuwepo siku ile sebuleni Donholm, Nairobi, ni hawa. Nilikuwepo mimi ninayeandika. Alikuwepo binti yangu, mwenye nyumba, aliyekuwa jikoni akisonga ugali huku sikio moja akilitega kwetu. Alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mwenye bucha pale Soko la Burma. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa stesheni tangu kianzishwe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia kwamba zamu yake imekwisha. Alikuwepo mama wa vitambaa, anayeuza majora Eastleigh. Huyo alizaliwa kwetu, akaolewa na Mwislamu akasilimu, na mpaka leo akisikia honi ya treni hugeuza shingo kama mtu aliyeitwa. Waliobaki, walioketi kwenye viti vya kuazima na mikono ya sofa, walikuwa wapwa, wakaza wana, na watoto wa watu waliosoma na watoto wangu. Majina yao nayajua yote, na ya baba zao, na nani alipewa jina la nani. Lakini wengi bado wako hai na wana masikio, kwa hivyo nitawataja kwa undugu tu.

Sisi tunaitana watu wa stesheni kwa sababu tumetoka vijiji viwili vilivyotenganishwa na reli kule magharibi. Kimoja kiko juu ya reli, kingine chini ya reli. Hivyo ndivyo tunavyoviita, ingawa serikali ina majina yake. Katikati ndipo ilipo stesheni: jukwaa fupi la mawe, chumba kimoja cha tiketi, paa la mabati mekundu, na miti miwili ya mkaratusi. Watu wa juu husema stesheni ni yao kwa sababu mlango wa chumba cha tiketi unatazama juu. Watu wa chini husema ni yao kwa sababu choo kiko upande wao. Mimi niliolewa chini, kwa hivyo nimekitetea choo hicho maisha yangu yote.

Miaka mingi treni haikupita. Nyasi ziliota kati ya vyuma, mbuzi wakalala jukwaani, na mtu mmoja wa juu akageuza chumba cha tiketi kuwa ghala la mahindi, jambo ambalo watu wa chini walilaani hadharani, kisha wakaenda kuomba nafasi ya kuweka magunia yao. Halafu hivi karibuni treni ikarudi. Ijumaa inakwenda, Jumapili inarudi Nairobi. Mahindi yakatolewa, panya wakabaki.

Tulichoitiwa kikao ni kwamba wenye reli walikuwa wamechoka kusimamisha treni mahali pasipo na abiria.

"Wamesema hivi," shemeji akaanza. Alisimama, ingawa hakuna aliyekuwa amekaa mahali asipomwona. "Jumapili ya mwisho wa mwezi, afisa wao atakuwa ndani ya treni ya kurudi. Atatazama kila stesheni ndogo. Isiyo na watu, treni itapita ikipiga honi tu."

Hapo ndipo na mimi nilipokuwa na shida yangu, na niseme wazi. Mgongo wangu haukubali basi. Mara ya mwisho niliposafiri kwa basi nilishushwa nikiwa nimekunjika kama kiti cha matanga, na wapwa wawili wakanifungua polepole kando ya barabara huku watu wakitazama. Binti yangu akaapa kwamba basi tena hapana. Lakini kwenye treni ninaweza kusimama, nikatembea, nikashika vyuma, nikaenda chooni kama binadamu. Treni ikiacha kusimama kwetu, basi nyumbani ningekwenda mara moja tu, nikiwa nimelala ndani ya sanduku, na kwa safari hiyo chama kingechanga bila kusukumwa. Watu wetu wa Nairobi ni hodari sana wa kusafirisha maiti. Anayewasumbua ni mtu anayetaka kwenda nyumbani akiwa hai.

"Basi watu wawepo," mama wa vitambaa akasema.

"Watakuwepo!" shemeji akajibu. "Sisi wa Nairobi tutakwenda na treni Ijumaa, turudi nayo Jumapili. Nani anakwenda?"

Mikono yote ikapanda. Hata mkaza mwana mmoja aliyekuwa akinyonyesha aliinua mkono wa mtoto.

"Shemeji," nikamuuliza, "na bucha Jumamosi utamwachia nani?"

"Shemeji yangu, nyama itajiuza. Nyumbani ni nyumbani."

Nikamtazama. Nimemjua mtu huyu tangu hajaota ndevu. Siku ya kumzika kaka yake alifika kaburini mchungaji akiwa kwenye amina, akinukia moshi wa nyama choma. Lakini wote walipiga makofi, na mimi nikapiga.

Hapo hapo akampigia simu mzee wa kijiji na kuiweka sauti ya juu tusikie wote.

"Mzee, Jumapili ile mje wote mjaze stesheni!"

"Wote wa juu au wote wa chini?"

"Wa juu na wa chini!"

"Na kwaya?"

"Na kwaya!"

"Hiyo ni kazi ndogo, mwenyekiti. Kujaza stesheni tumezoea."

Binti yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasema, "Baba mdogo, si ungewaambia pia..." Lakini simu ilikuwa imekatwa, na ugali ulikuwa tayari, na watu walikuwa wamesimama kunawa. Sikumuuliza alitaka kusema nini. Nilikuja kujua baadaye, kama wengine wote.

Ijumaa ikafika. Binti yangu alinipeleka stesheni kubwa ya mjini mapema, nikakaa kwenye benchi kuwangoja watu wangu. Nilimwona mama wa vitambaa akija na buibui lake na mfuko wa chapati. Tukawangoja wengine. Kilichokuja ni simu. Mpwa mmoja alikuwa amepata kibarua kiwandani ambacho asingeweza kukiacha. Mkaza mwana alisema mtoto ana joto, mtoto yule yule aliyeinuliwa mkono. Mwingine alisema yuko njiani, na nadhani mpaka leo yuko njiani. Mwisho akapiga mwenyekiti mwenyewe.

"Shemeji, mimi nimetangulia na gari! Nimebeba nyama ya wageni. Kwenye treni ingeharibika."

"Nyama ingeharibika?"

"Barafu, shemeji. Barafu haina subira."

Mama wa vitambaa akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Twende, mama," akaniambia. "Sisi hatuna barafu."

Safari yenyewe sina baya la kuisemea. Nilisimama nilipotaka, nikaketi nilipotaka. Mama wa vitambaa alinisimulia jinsi utotoni walivyokuwa wakiuza mayai ya kuchemsha madirishani, na jinsi walivyojifunza kumpa abiria yai kwanza na chumvi baadaye, ili treni ikianza kuondoka abiria atupe hela haraka kwa hofu ya kula yai bila chumvi. "Biashara yangu yote ya Eastleigh," akasema, "nilisomea pale." Tukafika Jumamosi jua limeshapanda. Treni ikasimama, ikatushusha sisi wawili tu, ikaondoka kama inayoona haya kwa niaba yetu.

Jukwaani alikuwa ananingoja mke mwenzangu.

Huyu lazima nimweleze. Mume wetu alikuwa fundi katika karakana ya reli Nairobi. Yeye, mkubwa, alikaa nyumbani na shamba na ng'ombe. Mimi, mdogo, nilikaa na mume kwenye landi za reli, nyumba za wafanyakazi, na baadaye mitaa mingine ya Eastlands kadiri kodi ilivyotusukuma. Mume alikuwa mmoja, lakini reli ilitugawanyia vizuri. Kila likizo tulikuja na treni, na kila likizo ikiisha mwenzangu alitusindikiza mpaka jukwaani na kikapu cha viazi vitamu kichwani, akanipitishia dirishani, akarudi. Hajawahi kupanda treni hiyo hata mara moja, yeye aliyeisikia kila siku ya ndoa yake. Nilipokuwa nikimwambia aje atembee Nairobi alijibu, "Na ng'ombe atakamuliwa na nani?" Mume akafa, ng'ombe wakapungua mpaka akabaki mmoja, na jibu halikupungua.

"Umechelewa," akaniambia.

"Treni ndiyo iliyochelewa, dada."

"Treni haichelewi. Ni wewe umekuwa mzito, inakuvuta."

"Na wewe umekuwa mwembamba. Unakula nini?"

"Nakula amani. Wewe huko mnauziwa?"

Ndivyo tunavyosalimiana. Watu wasiotujua hudhani tunagombana, na wakati mwingine hawakosei. Alichukua mfuko wangu, akatangulia, akaenda polepole kuliko anavyokwenda akiwa peke yake. Siku mbili nilikaa naye. Tulipalilia kaburi la mume wetu, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, tukabishana kama alipenda kunde au mrenda.

"Hiyo treni ikiacha kusimama," akaniuliza pale kaburini, bila kuinua uso, "utakuja na nini?"

"Sitakuja."

Akang'oa magugu kwa muda. "Basi isiache," akasema, kama vile treni ilikuwa mbuzi wake.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo yaliyotokea Jumapili yataonekana kama wazimu. Kwetu mtu haondoki peke yake. Shemeji husindikizwa mpaka langoni, mgeni mpaka barabarani, na mtu wa Nairobi mpaka kwenye treni. Anayebaki nyumbani siku ya kusindikiza amemtangazia msafiri ugomvi, na ataulizwa. Kwa hivyo akisafiri mmoja, linatoka boma zima, na likitoka boma zima majirani huona haya kubaki. Zamani kulikuwa na mkuu wa stesheni, mtu wa pwani, aliyekuwa akilalamika kwamba anauza tiketi mbili na kufagia nyayo za vijiji viwili. Hakuna aliyemwelewa. Tulimwona ni mtu asiyependa wageni.

Jumapili stesheni ilijaa. Niseme kweli, sijaiona imejaa hivyo hata enzi za uhai wake. Kwaya ya juu ilisimama chini ya mkaratusi mmoja, imevaa leso za kufanana. Wapiga ngoma za isukuti wa chini walisimama chini ya mwingine, wakahakikisha kwaya haisikiki. Kulikuwa na vikapu, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, magunia ya viazi. Shemeji alikuwa amevaa koti na kupanda juu ya benchi. Mimi nilipoona mizigo ile yote moyo wangu ukatulia. Nikasema, kumbe watu wetu wanasafiri. Treni hii haitatosha.

"Wanakwenda wapi wote hawa?" nikamuuliza mwenzangu.

"Wapi? Wamekuja kukusindikiza."

"Na hii mikungu?"

"Ni yako. Na kuku. Huu hapa ni wa mwanawe huyu, yuko Eastleigh, utampelekea. Gunia lile ni la mpwa wa yule."

Nikatazama tena jukwaa. Mizigo yote ile ilikuwa na msafiri mmoja.

Kabla sijasema neno treni ikaingia. Mlangoni alisimama afisa, binti mwenye koti la buluu na kitambulisho shingoni, na alipoona umati alitabasamu tabasamu zuri sana, ambalo bado linaniuma nikilikumbuka.

"Karibuni, karibuni! Pandeni haraka, hatusimami sana."

Isukuti zikalia. Kwaya ikaimba. Watu wakanisukuma mbele kwa mapenzi, wakaninyanyua mpaka ndani, wakaanza kupitisha mikungu madirishani. Afisa akangoja. Tabasamu likaanza kupungua upande mmoja.

"Na wengine?" akauliza.

Mzee wa kijiji akajitokeza, akaninyooshea fimbo kwa fahari kama ng'ombe wa maonyesho. "Anayesafiri ni huyu."

"Na nyinyi?"

"Sisi tunamsindikiza."

"Nyinyi wote?"

"Wote hawajafika, binti yangu. Utusamehe, kuna msiba kijiji cha jirani."

Shemeji akashuka kwenye benchi. Nadhani ni hapo ndipo lilipomwingia lile ambalo binti yangu alitaka kusema na mwiko mkononi. "Watu wangu," akaita, "nani ana tiketi?"

Watu wa juu wakawatazama watu wa chini. Watu wa chini wakawatazama watu wa juu. Kumbe juu waliamini kwamba wasafiri watatoka chini, kwa sababu msafiri mwenyewe, yaani mimi, ni wa chini. Na chini walijua kwamba juu ndiko kwenye watu wa kwenda kwenda. Kila upande ulikuja kuusindikiza mwingine.

"Wewe mwenyewe, mwenyekiti, tiketi yako iko wapi?" mpiga ngoma mmoja akauliza.

"Mimi nina gari. Nina vyombo vya kurudisha."

"Vyombo haviwezi kupanda treni?"

"Na wewe mama wa Eastleigh?" mwingine akauliza.

Mama wa vitambaa akavuta mtandio. "Wallahi, mwenyekiti alinipa nafasi garini. Mzigo wangu unaingia Jumatatu alfajiri. Nilijua nyinyi ni wengi."

"Hata sisi tulijua sisi ni wengi," mzee wa kijiji akasema kwa huzuni.

Kwaya haikuwa imeambiwa, ikaendelea na ubeti wa tatu. Afisa akanigeukia mimi dirishani, na hakusema kwa ubaya. "Bibi, pole. Mimi nimetumwa kutazama wanaopanda. Sikutumwa kutazama wanaoimba."

Akainua mkono kumwashiria dereva. Mimi nikashika dirisha. Niliangalia mkaratusi, nikaangalia paa jekundu, nikaangalia hata choo. Nikajiambia, angalia vizuri, mara nyingine hutakuwa na macho.

Mwenzangu alikuwa amesimama pale pale anaposimama siku zote, chini ya mlango, kikapu cha viazi vitamu kichwani. Nikanyoosha mikono nikipokee. Hakukitoa. Alishika chuma cha mlango kwa mkono mmoja, kikapu kwa mwingine, akapanda nacho.

"Sogea," akaniambia.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Si wanataka mtu? Mimi si mtu?"

"Na ng'ombe?"

"Atakamuliwa na hao wanaoimba."

Akaketi. Alikuwa na malapa, sweta lililokatika kifungo, wala hakuwa na mfuko. Hata kitambaa cha kichwani kilikuwa cha kazi. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti.

Kisha mwanamke mmoja akapiga kelele kama aliyeona moto. "Mama mkubwa anasafiri! Mama mkubwa anaondoka na hatujamsindikiza!"

Nyinyi mtaona ni kitu kidogo. Kwetu yeye ndiye mzee kuliko wanawake wote wa chini, na huenda wa juu pia, ila huko hawakubali. Mtu kama huyo hasindikizwi mpaka jukwaani tu, angesindikizwa na vijiji viwili mpaka mtoni, mwisho wa ardhi yetu. Na sasa alikuwa ameshakaa kitini, na treni imeanza kutikisika.

"Tumsindikize mpaka stesheni ya pili!" mtu akaita.

Nisiseme mengi. Walipanda kama watu wanaokimbia mvua. Isukuti zilipanda, zikakwama mlangoni, zikasukumwa. Kwaya ilipanda na leso zake. Mzee wa kijiji aliinuliwa na fimbo yake. Shemeji alikuwa amesimama karibu na mlango akipiga kelele, "Taratibu! Taratibu!" na umati ukamchukua na koti lake, akajikuta ndani huku funguo za gari ziko mkononi na gari liko chini ya mkaratusi. Mama wa vitambaa alipanda kwa hiari yake, akajifunga buibui kiunoni, akicheka. Gari na mzigo wa Jumatatu akavisahau wote wawili.

Mkata tiketi alipokuja, kila aliyeulizwa nauli alimwonyesha mwenyekiti. Hilo sitalisema zaidi, kwa sababu bado linamuuma.

Behewa lilikuwa kama harusi. Afisa alipenya kwa shida mpaka kwetu, kofia imeenda upande, akainama kwa mwenzangu.

"Bibi, na wewe safari yako ni ya wapi?"

"Mimi sisafiri," mwenzangu akamjibu. "Namsindikiza huyu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwake. Miaka yote nimekuwa nikimwacha hapo jukwaani. Sijawahi kujua kama alifika."

Binti wa watu akaketi kwenye gunia la viazi la mpwa wa mtu, na mtu akamkabidhi kuku amshikie.

Stesheni ya pili watu wetu walishuka wote kwa nyimbo, na watu wa huko wakatoka mbio kutazama ni nani amekufa. Walirudi kwa miguu wakifuata reli, shemeji mbele, viatu vya Nairobi mkononi. Mama wa vitambaa peke yake alibaki nasi mpaka mjini, akatusaidia na mikungu, na huo mzigo wake wa Jumatatu haukuharibika, vitambaa havina barafu.

Hivyo ndivyo mwenzangu alivyofika Donholm na malapa. Binti yangu alipofungua mlango aliona mama zake wawili na kuku, akakaa chini hapo hapo mlangoni. Wajukuu wanamwita shosho kama wanavyoniita mimi, na amewaambia hilo si neno la kwetu, na wamemwambia, "Sawa, shosho." Maziwa ya pakiti aliyaonja siku ya kwanza akauliza ni ya mnyama gani. Lakini shida kubwa ni wageni. Akija mtu kutuamkia, jioni akiaga, mwenzangu huvaa malapa na kutoka naye, ngazi zote, geti, mpaka barabara ya Outer Ring, na hamwachi mpaka amwone amepanda matatu. Jirani wa ghorofa ya juu alisindikizwa alipokuwa akienda tu kununua sukari. Mlinzi wa geti aliniuliza kwa heshima kama mama huyu ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, ametoka stesheni.

Mwezi uliofuata chama kikakaa tena, sebuleni pale pale. Shemeji akasimama. Akasema wenye reli wamejibu: treni itaendelea kusimama kwetu, kwa sababu imeonekana stesheni ina abiria wengi wa safari fupi. Akasema huo ndio uliokuwa mkakati wa uongozi tangu mwanzo. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama mwenzangu, naye alikuwa akichambua mchele.

"Mkakati ni nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini, ambayo kwake yeye ni sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Ni kitu kinachotokea, halafu mtu anasema alikijua."

"Ahaa. Kama mume wetu."

Ijumaa hii anarudi nyumbani, na mimi naenda naye, maana siwezi kumwacha aende peke yake, nitajuaje kama alifika. Binti yangu ameuliza mimi nitarudi na nani. Mwenzangu amemwambia asiwe na wasiwasi, yeye yupo. Binti yangu ameanza kuelewa kwamba jambo hili halina mwisho, na ametununulia begi.

Nimeandika kama nilivyoona, lakini najua yako ya kubishaniwa. Juu ya reli wanashikilia kwamba wa kwanza kupanda nyuma ya mwenzangu alikuwa mwimbaji wao wa sauti nene. Chini ya reli wanaapa alikuwa mpiga ngoma. Mimi niliona buti moja la mpira tu, jeusi, kwa sababu kikapu kilinikinga. Na nilipomsomea mwenzangu haya, alisema hakusema "mimi si mtu?" bali alisema tu "sogea," mara mbili. Labda ni kweli, palikuwa na ngoma. Basi aliyekuwa jukwaani siku ile akakumbuka vingine, aje anisahihishe bila woga, na kama jina nililolificha ni lako, jua kwamba ninalijua. Tuko Donholm wote wawili, mpaka Ijumaa.